UZI: Dorothy Hodgkin, mama aliyeifuata insulini kwa miaka 34 mpaka akajua ikoje

Mwalimu Kopo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita nilikuwa safarini na bi mkubwa, Singida kwenda Dar. Ni mtu wa kisukari, mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo safari zetu zina abiria wa tatu: chupa ya chai, chini barafu kidogo, juu yake taulo, juu ya taulo insulini. Basi likaharibika njiani tukakaa juani saa tatu nzima. Wenzangu wanamuuliza konda habari za fundi, mimi nafungua chupa, napapasa, nafunga. Bi mkubwa akaniangalia weee, mwisho akauliza: "Mwanangu, wewe si mwalimu wa kemia? Hiki kitu tunachokilinda kama yai, kikoje?"

Nikamwambia ni homoni, ni protini, inatoka kwenye kongosho. Akasema: "Hayo nesi kanieleza zamani. Nimekuuliza kikoje."

Nikakosa jibu. Miaka 19 nafundisha kemia na sijawahi kujiuliza nani aliona umbo la insulini, na aliliona kwa jicho gani. Basi nimekuja na nilichokipata. Uzi mrefu, wenye haraka wapite kwa amani.

Aliyeliona anaitwa Dorothy Crowfoot Hodgkin. Alipiga picha yake ya kwanza ya insulini mwaka 1935 akiwa na miaka 24. Alipoweza kusema "iko hivi" ilikuwa 1969, mwaka uleule binadamu alipokanyaga mwezini. Hapo katikati alizaa watoto watatu, akaugua mikono, akapata Nobel kwa kazi nyingine kabisa, na insulini bado ipo mezani inamsubiri.

Nianze na utoto wake, maana unatuhusu waafrika kuliko nilivyodhani. Alizaliwa Cairo tarehe 12 Mei 1910. Baba yake alikuwa mtu wa elimu katika serikali ya kikoloni, kwanza Misri, halafu Sudan. Mama yake alikuwa mtaalamu wa nguo za kale, anajua kitambaa cha miaka elfu kilifumwaje. Watoto walilelewa Uingereza, wazazi wakiwa huku, wanaonana kwa msimu. Akiwa na miaka kumi hivi alifundishwa kuotesha fuwele za shabu na mrututu. Ndiyo, mrututu huuhuu tunaoujua, ule wa bluu. Unayeyusha kwenye maji ya moto mpaka hauyeyuki tena, unaacha siku kadhaa, unakuta vijiwe vyenye kona zilizonyooka kama vimechongwa na sonara. Mtoto akashangaa kwamba hakuna aliyevichonga.

Alipokuwa na miaka 13 alikwenda Khartoum kuwatembelea wazazi. Huko kulikuwa na mkemia wa udongo, Dk. A. F. Joseph, rafiki wa familia. Binti aliokota vijiwe vyeusi kwenye mchanga na akataka kujua ni nini. Badala ya kumwambia, yule mkemia akampa vifaa na kemikali apime mwenyewe. Akapima, akagundua ni ilmenaiti, madini yenye chuma na titani. Akarudi Uingereza na sanduku la kemikali, akalifungulia maabara darini kwao.

Shuleni, kemia ilikuwa somo la wavulana. Yeye na msichana mwenzake mmoja wakaruhusiwa kuingia darasa hilo. Wawili tu. Na alipofikisha miaka 16 mama yake alimpa kitabu cha William Henry Bragg, kilichoeleza kwamba mionzi ya eksirei inaweza kutumika "kuona" atomu. Hapo ndipo alipopotelea.

Naandaa sehemu ya pili. Wenye maswali anzeni.

---

Kijana wa Ubungo

Nimekaa mkao wa kula. Swali la haraka, huyu ndiye yule mama wa picha ya DNA aliyoibiwa na wanaume?

---

Mwalimu Kopo

Hapana. Huyo ni Rosalind Franklin, wa London, alifariki 1958 akiwa na miaka 37. Wanachanganywa kila siku kwa sababu kazi yao ni ileile: kupitisha eksirei kwenye kitu chenye mpangilio na kusoma madoa yanayotokea. Walijuana. Na Dorothy alikuwa kwenye kundi la watu wa Oxford waliopanda magari Aprili 1953 kwenda Cambridge kuangalia modeli ya DNA ilipokuwa imetoka tu kusimamishwa.

---

Mzee Darubini

Mwalimu umeruka kitu. Umesema "kuona atomu kwa eksirei" halafu ukaendelea na safari. Watu hapa watadhani ni kama eksirei ya mguu uliovunjika. Siyo. Niruhusu nishushe nondo kidogo, mimi ni mtu wa fizikia.

Nuru ya kawaida haiwezi kukuonyesha atomu hata ukitengeneza darubini ya bei ya ndege. Wimbi lake ni refu mno, mara maelfu kuliko atomu yenyewe. Ni kama kupapasa maandishi ya sarafu ukiwa umevaa glavu za ndondi. Wimbi la eksirei ndilo linalolingana na nafasi kati ya atomu na atomu. Tatizo lingine: hakuna lenzi ya kawaida ya kuikusanya eksirei ikishatawanyika ili itengeneze taswira.

Sasa fanyeni jaribio hili usiku. Chukua mtandio mwepesi wa mke wako, ule unaopitisha mwanga, uweke mbele ya jicho uangalie taa ndogo iliyo mbali, mfano taa ya bodaboda kule mwisho wa barabara. Utaona taa imegeuka msalaba wa vidoa vidoa. Vidoa hivyo vinatokana na mpangilio wa nyuzi. Ukinyoosha mtandio, vidoa vinabadilika. Mtu mwenye akili anaweza kupima vidoa na kukuambia nyuzi zimefumwa kwa umbali gani bila kuushika mtandio.

Fuwele ni mtandio uliofumwa kwa atomu, pande zote tatu. Max von Laue na wenzake walionyesha hilo 1912, na Bragg baba na mwana wakageuza kuwa njia ya kupima, wakapata Nobel pamoja 1915.

Lakini kuna mtego, na mtego huo ndio uliokula miaka 34 ya huyu mama. Filamu inakuonyesha kila doa lina nguvu kiasi gani. Haikuonyeshi mawimbi yalifika kwa mpishano gani. Fikiria ngoma kumi zinapigwa nyumba ya jirani, na wewe umepewa karatasi inayosema kila ngoma ilipigwa kwa nguvu gani, ila haisemi ipi ilianza na ipi ilifuata. Utauimba huo mdundo? Huwezi. Watu wa fani wanaita tatizo la awamu.

---

Kijana wa Ubungo

Nimejaribu na mtandio wa dada yangu. Ni kweli! Ila kanifukuza.

---

Mwalimu Kopo

Asante Mzee Darubini, mfano wa ngoma nauhamishia darasani kesho. SEHEMU YA PILI.

Alisoma kemia Oxford, chuo cha Somerville, 1928 hadi 1932, akamaliza daraja la kwanza. Akaenda Cambridge kwa J. D. Bernal, mtu mwenye akili nyingi mpaka wenzake wakamwita Mwenye Hekima. Mwaka 1934 maabara hiyo ilipokea fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni, zilizobebwa kutoka Uppsala, Sweden. Wengine walikuwa wameshajaribu kuzipiga eksirei wakapata ukungu mtupu. Bernal akagundua kosa: walikuwa wanazikausha. Fuwele ya protini imejaa maji, ukiianika inaporomoka ndani kama nyumba ya tope. Akaiweka na maji yake ndani ya kijibomba chembamba cha kioo, na madoa yakajaa filamu nzima. Maana yake protini, kitu ambacho wengi waliona ni ute usio na umbo, ina umbo kamili hadi atomu ya mwisho.

Siku ile ya picha ya kwanza Dorothy hakuwepo. Alikwenda London kumwona daktari kwa ajili ya maumivu ya viungo vya mikono. Alikuwa na miaka 24. Ilikuwa baridi yabisi, na haikuondoka tena.

Mwaka huohuo akarudi Oxford. Maabara aliyopewa ilikuwa ndani ya jengo la makumbusho, sehemu yake chini ya ardhi, na darubini ikiwa juu kwenye roshani. Alipanda ngazi kama ya kupandia dari, mkono mmoja kwenye ngazi, mwingine umeshika fuwele ndogo kuliko punje ya chumvi. Mtu wa baridi yabisi!

Ndipo Robert Robinson, mkemia mkubwa wa Oxford, akampa miligramu chache za insulini. Akaotesha fuwele zenye zinki, akapiga, akasafisha filamu usiku, akaona madoa. Alitoka nje akatembea mitaani peke yake usiku ule kwa furaha, hakuweza kulala. Ilichapishwa 1935 kwa jina lake peke yake.

Na hapo ndipo ninapompendea. Alijua kabisa kwamba hawezi kuisoma. Insulini ina asidi amino 51 (vile vipande vinavyounganishwa kujenga protini), mamia ya atomu, na mwaka ule hakuna aliyeweza kufumbua hata robo ya kitu cha ukubwa huo. Mwingine angeanza kubahatisha umbo ili apate jina. Yeye akaiweka kando akaenda kutafuta vitu vidogo zaidi vya kujifunzia kazi.

---

Mpinzani Mstaafu

Nimesoma kwa makini na sina ugomvi na mama wa watu. Ila tuseme ukweli. Baba afisa wa kikoloni, mama msomi, Oxford, Cambridge, rafiki wa familia anampa sanduku la kemikali. Watoto wa Khartoum waliokuwa wanacheza kwenye mchanga uleule nani aliwapa sanduku? Msituuzie habari za "juhudi binafsi".

---

Mwalimu Kopo

Mpinzani, sikupingi, na mimi sijaandika "juhudi binafsi" popote. Nyumbani alikuwa na wafanyakazi wa kumsaidia watoto, mume asiyemzuia, na chuo kilichomlipa alipojifungua wakati jambo hilo halikuwa la kawaida. Toa kimojawapo, na pengine uzi huu usingekuwepo. Baba yake huko Khartoum ndiye alikuwa mkuu wa Gordon College, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Khartoum, kwa hiyo swali lako la nani alipewa sanduku na nani hakupewa linaingia mpaka sebuleni kwao.

Ninachokataa ni kudhani waliokuwa na masanduku wote wangefika. Wengi walikuwa nayo.

---

Dada Sindano

Mimi ni muuguzi, nafuatilia. Naomba habari za mikono yake. Wagonjwa wangu wa baridi yabisi hata kufunga kifungo cha gauni ni kazi. Yeye alishikaje fuwele?

---

Mwalimu Kopo

Dada, aliolewa 1937 na Thomas Hodgkin. Desemba 1938 akajifungua mtoto wa kwanza, akapata maambukizi, na ugonjwa ukamlipuka vibaya sana. Baada ya matibabu akarudi maabara akakuta vidole havina nguvu ya kubonyeza swichi kuu ya mashine ya eksirei. Akatengenezewa mkono mrefu wa wenzo, akawa anawasha kwa huo. Picha zake za uzeeni zinaonyesha vidole vimepinda kabisa. Lakini waliofanya naye kazi wanasema hakuna aliyemzidi kupachika fuwele kwenye ncha ya uzi wa kioo.

SEHEMU YA TATU: vitu vitatu vya kujifunzia.

Cha kwanza, kolesteroli. Yeye na mwanafunzi wake Harry Carlisle walitumia kolesteroli iliyotiwa iodini. Iodini ni atomu nzito, inatawanya eksirei kwa nguvu kuliko jirani zake. Kwa mfano wa Mzee Darubini: ni kama ngoma moja kubwa ambayo unajua kwa hakika inapiga wakati gani, ukishaijua hiyo, nyingine unazipanga kwa kuisikiliza. Kazi ilitoka 1945.

Cha pili, penisilini, na hapa nikae kidogo. Ilikuwa vita. Dawa inaokoa askari lakini hakuna anayejua molekuli yake ikoje, kwa hiyo hakuna anayejua pa kuanzia kuitengeneza kiwandani bila kuvu. Wakemia waligawanyika kambi mbili. Kambi moja ya Robinson huyohuyo, ikisema muundo ni pete mbili za pembe tano. Nyingine ikisema kuna pete ya pembe nne, kitu ambacho wengi walikiona hakiwezekani kwa sababu pete ndogo hivyo inajikaza, iko tayari kufyatuka muda wowote. John Cornforth, kijana mahiri wa kambi ya Robinson, aliapa kwamba ikiwa hivyo ndivyo ilivyo, ataacha kemia akalime uyoga.

Dorothy na Barbara Low wakachukua chumvi za penisilini, ya potasi na ya rubidi, huku Charles Bunn na mwenzake wakishughulikia ya sodi kaskazini mwa Uingereza. Hesabu zilifanywa kwa mkono, kwa vikadi vyembamba vilivyopangwa sandukuni vyenye thamani za saini na kosaini zilizokokotolewa tayari, halafu mwishoni kwa mashine za kadi zenye matundu. Ukimaliza unachora mistari kama ya ramani ya mlima: panapojaa elektroni ni kilele, na kila kilele ni atomu. Kufikia 1945, vita Ulaya ikiisha, vilele vya pete ya pembe nne vilikuwa hapo, wazi. Kwa sababu ya siri za vita kazi kamili ilichapishwa 1949.

Cornforth hakulima uyoga. Alipata Nobel yake 1975.

Pete ile iliyojikaza ndiyo inayoua bakteria, ikifyatuka inakwama kwenye kimeng'enya wanachojengea ukuta wao. Amoksilini unayonunua duka la dawa ina pete ileile. Na bakteria sugu wengi silaha yao ni kimeng'enya cha kuikata pete hiyo. Kwa hiyo kila mjadala wa usugu wa dawa unarudi kwenye zile ramani za milima.

Kichekesho cha pembeni: miaka hiyo alikuwa na mwanafunzi wa Somerville aliyefanya mradi wake wa mwisho kwake, juu ya gramisidini, dawa nyingine ya kuua bakteria. Binti aliitwa Margaret Roberts. Baadaye akaolewa akaitwa Thatcher, akawa Waziri Mkuu. Mwalimu wake alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto maisha yake yote, na bado Thatcher aliweka picha yake ukutani pale Downing Street.

---

Mpinzani Mstaafu

Hapo kwa Thatcher umenipata. Endelea.

---

Mwalimu Kopo

Cha tatu, vitamini B12. Kuna aina ya upungufu wa damu iliyokuwa inaua watu taratibu mpaka ikagunduliwa kwamba maini yanawatibu. Mwaka 1948 wakafanikiwa kuchuja kile kilichomo kwenye maini: fuwele nyekundu sana. Lester Smith wa kampuni ya dawa ya Glaxo akamletea Dorothy. Akapiga mara moja. Atomu zake, ukiacha za hidrojeni, zinakaribia 100. Penisilini ilikuwa na robo ya hizo.

Katikati ya molekuli kulikuwa na atomu moja ya kobalti, ngoma kubwa ya kuanzia, ila si kubwa sana kulingana na kundi. Hesabu zikamshinda mtu wa kikadi. Ndipo 1953 akatembelewa Oxford na Kenneth Trueblood, kijana wa Los Angeles aliyekuwa na ruhusa ya kutumia SWAC, moja ya kompyuta zenye kasi kuliko zote duniani wakati huo, bure. Wakakubaliana. Namba zikawa zinakwenda na kurudi kwa posta na kwa simu ya maandishi, Oxford na California, hawa wakichora, wale wakikokotoa. Kufikia 1955 muundo ukajulikana, pamoja na pete kuizunguka kobalti ambayo hakuna mkemia aliyekuwa ameiwaza.

Na wakati huohuo serikali ya Marekani ilimnyima viza, 1953, kwa sababu ya mashirika ya amani aliyojiunga nayo. Hesabu zake ziliruhusiwa kuingia California, yeye hapana.

Oktoba 1964 Nobel ya Kemia ikatangazwa, yake peke yake. Mwanamke wa tatu katika kemia baada ya Marie Curie na binti yake Irène. Mnajua habari ilimkuta wapi? Ghana. Mumewe alikuwa mwanahistoria wa Afrika, ameitwa kuongoza Taasisi ya Mafunzo ya Afrika kule Legon enzi za Nkrumah, na yeye alikuwa amemfuata. Mtoto wao mkubwa alikuwa anafundisha Algiers, binti anafundisha Zambia, mdogo yuko India. Gazeti moja la kwao Uingereza likatangaza kwamba mama wa nyumbani wa Oxford kapata Nobel.

---

Dada Sindano

Mama wa nyumbani! Kwa hiyo B12 aliipikia jikoni.

---

Kijana wa Ubungo

Mwalimu, na insulini? Umeiacha 1935.

---

Mwalimu Kopo

Hakuiacha, alikuwa anaizunguka. Miaka ya 1950 mambo matatu yalikamilika. Max Perutz wa Cambridge alionyesha kwamba unaweza kuingiza atomu nzito ndani ya fuwele ya protini bila kuivuruga, kisha ukalinganisha madoa kabla na baada. Fred Sanger akasoma mpangilio wa asidi amino zote 51 za insulini, akapata Nobel 1958. Na kompyuta zikakua.

Dorothy akakusanya vijana. Guy Dodson kutoka New Zealand na mkewe Eleanor, Margaret Adams, Tom Blundell, M. Vijayan kutoka India. Insulini ilikuwa mkaidi, wakijaribu kuitoa zinki na kuweka metali nzito fuwele zinaharibika au hazibadiliki. Miaka ikaenda. Mwaka 1969, majira ya kiangazi, ramani ikatoka safi. Walijenga modeli mchana na usiku, na yeye, miaka 59, miguu imevimba, alikuwa anashinda na vijana wakipachika vijiti.

Sasa bi mkubwa wangu apate jibu lake. Insulini ni nyuzi mbili, moja ya asidi amino 21, nyingine 30, zimefungwa pamoja kwa madaraja ya salfa, zimejikunja kama mikono ya mtu aliyesikia baridi. Ndani ya fuwele hazikai mojamoja. Zinashikana mbilimbili, na jozi tatu zinazunguka zinki na kuwa sita, kama watu sita waliokaa kuzunguka sinia. Ndivyo kongosho linavyoiweka akiba. Ikiingia kwenye damu wale sita wanatawanyika, na ni yule mmoja mmoja anayefanya kazi. Waliotengeneza insulini za haraka za miaka ya 1990 walibadilisha asidi amino moja au mbili pale watu wanaposhikana mikono, ili sinia livunjike upesi. Bila kujua nani kakaa wapi, ungebadilisha ipi?

---

Mzee Darubini

Nyongeza kwa vijana wanaouliza inbox kama fani hii inaajiri. Ndiyo, na si kwenye dawa tu. Eksirei ya unga inatumika kwenye viwanda vya saruji na maabara za madini kila siku, unasaga sampuli, unapiga, unajua kuna nini ndani. Upande wa protini, mambo ni ya mashine kubwa za mviringo zinazozungusha elektroni na kutoa eksirei kali. Afrika haina hata moja, iliyo jirani ni SESAME ya Jordan, ilifunguliwa 2017, na Misri ni mwanachama. Waafrika wameanza kukutana wenyewe, mkutano wa kwanza wa fani hii barani ulifanyika Dschang, Kameruni, 2016, wa pili Accra 2019. Accra, mji uleule ambako taarifa ya Nobel ilimkuta mama. Na kabla ya hapo msisahau Aaron Klug, aliyekulia Durban na kujifunza kristalografia, ndiyo fani hii ya kusoma fuwele kwa eksirei, Cape Town, Nobel 1982.

---

Kijana wa Ubungo

Kwani siku hizi si akili bandia inatabiri umbo la protini kwa dakika? Hawa watu wa eksirei bado wana kazi?

---

Mzee Darubini

Inatabiri, na waliotengeneza walipata Nobel 2024. Ila jiulize ilifundishwa kwa kutumia nini. Kwa maumbo zaidi ya laki moja yaliyopimwa na watu, mengi kwa eksirei, yakahifadhiwa kwenye hazina ya pamoja iliyoanza 1971 na protini saba tu. Na ukitaka kujua dawa yako mpya imekaa wapi hasa ndani ya protini, bado unaotesha fuwele na unasubiri. Fuwele haina haraka na mtu.

---

Mwalimu Kopo

Nimalizie maisha yake kwa kifupi. Kuanzia 1976 hadi 1988 aliongoza Pugwash, jumuiya ya wanasayansi wanaopinga silaha za nyuklia. Mwaka 1993, akiwa kwenye kiti cha magurudumu na madaktari hawataki asafiri, alikwenda Beijing kwenye kongamano la kristalografia, kuwaona Wachina ambao nao waliisoma insulini kwa njia zao wakati nchi yao imejifungia. Alifariki 29 Julai 1994.

---

Dada Sindano

Mwalimu, umenifumbua jambo. Bi mkubwa anatumia ipi, ya maji au ya maziwa?

---

Mwalimu Kopo

Ya maziwa, asubuhi na jioni.

---

Dada Sindano

Basi sikiliza. Tunawafundisha wagonjwa waizungushe kichupa taratibu kati ya viganja kabla ya kuvuta, wasikitikise kwa nguvu. Nimefundisha hivyo miaka minane. Leo nimekwenda kusoma kwa nini ni nyeupe. Ni fuwele! Insulini na zinki na protini nyingine, vijifuwele vidogo vinavyoelea. Ukizichoma chini ya ngozi zinayeyuka polepole, ndiyo maana inakaa muda mrefu. Ukiiacha bila kuzungusha zimetuama chini, mgonjwa anavuta maji matupu leo, kesho anavuta tope. Na ikigandishwa kwenye barafu inaharibika, kwa hiyo lile taulo lako lisitoke.

---

Mwalimu Kopo

Nimemsomea bi mkubwa ujumbe wako neno kwa neno. Amekichukua kichupa cha jioni, amekizungusha viganjani, halafu amekiinua kwenye taa akakitazama kwa muda. Anasema haoni fuwele, anaona maziwa. Nikamwambia ni ndogo mno, jicho haliwezi.

"Sasa huyo mzungu wako alizionaje?"

Nimeenda kuchukua mtandio wake.